Miaka Inayohamishwa: Punda wa Isiolo na Dawa ya Ujana

Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018, vichinjio vya Kenya vilivyokuwa na leseni vilichinja punda 301,977. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 2019 na KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ambalo lilikadiria kuwa ni asilimia 15.4 ya punda wote nchini. Nyama haikuwa sababu kuu ya uchinjaji huo. Kilichotafutwa ni ngozi. Ngozi hizo zilisafirishwa hadi China, zikachemshwa mpaka zikawa gundi, na gundi hiyo ikauzwa kwa jina la ejiao, dawa inayosifiwa kuongeza damu, kulainisha uso na kuchelewesha uzee. Biashara hii imezoeleka kusimuliwa kama habari ya mateso ya wanyama, na mateso hayo ni ya kweli. Lakini anayeitazama kutoka Isiolo ataona pia habari ya umri wa binadamu: nani ameahidiwa kupunguziwa miaka, na nani ameongezewa. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba dawa za kurudisha ujana, tangu zilipoingia sokoni kwa wingi, hazijamzidishia mtu hata mwaka mmoja wa ujana. Mnunuzi hupata matumaini, na gharama huangukia kiumbe wa mbali na mtu wa mbali ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo dawa hizi hazitakomeshwa kwa kumwelimisha mnunuzi peke yake. Lazima pia kulindwa yule anayenyang'anywa.

Isiolo ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu tangu zamani mji huo umekuwa mlango wa mifugo. Serikali ya kikoloni iliweka hapo karantini, ili ng'ombe wanaotoka kaskazini wakaguliwe magonjwa kabla ya kushuka kuelekea mashamba ya walowezi na masoko ya kusini. Wanajeshi wastaafu wa Kisomali waliopigania Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makazi pale, wakaishi pamoja na Waborana, Wasamburu na Waturkana waliolisha na kunywesha mifugo kando ya Ewaso Ng'iro, huku Wameru wakiwa jirani kwenye miteremko ya Nyambene. Sensa ya 2019 iliwahesabu wakazi 268,002 katika kaunti nzima, na wengi wao bado wanategemea mifugo. Lugha zao ni tofauti, na wamewahi kupigania malisho na visima, lakini karibu kila boma la wafugaji lina mnyama mmoja ambaye haimbiwi nyimbo kama ngamia wala hatolewi mahari kama ng'ombe. Mnyama huyo ni punda.

Kazi yake inaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu ndogo ya maji. Mtungi wa plastiki wa lita 20 ukijaa una uzito wa kilo 20 na ushei. Mwanamke hubeba mmoja mgongoni, kamba ikimkaza kipaji cha uso au kifua. Punda mzima mwenye afya hubeba minne, miwili kila ubavu, imefungwa kwa kamba juu ya gunia lililokunjwa ili mifupa ya mgongo isichubuke. Katika vijiji vya Merti, Garbatulla, Oldonyiro au Kipsing, kisima kikiwa umbali wa saa mbili na familia ikihitaji lita 80, aliye na punda huenda mara moja na kurudi, saa nne zote pamoja. Asiye naye atalazimika kwenda mara nne, yaani saa kumi na sita, muda ambao hauwezi kupatikana ndani ya siku moja. Basi familia hupunguza maji, au msichana hutolewa shule asaidie, au mama huamka usiku wa manane. Watafiti waliowachunguza wabeba maji Afrika Kusini walihusisha mizigo hiyo na maumivu ya shingo na mgongo. Punda anapoondoka, mzigo haupungui. Unahamia kwenye uti wa mgongo wa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke.

Punda huyo huyo ndiye gari la kuhama. Malisho yakiisha, yeye na ngamia hubeba miti ya nyumba, mikeka, vyombo, wana-kondoo wasioweza kutembea na wakati mwingine mtoto au mgonjwa. Ukame ukishika, ng'ombe hufa kwanza na punda hubaki, kwa kuwa anavumilia kiu na majani makavu kuliko ng'ombe. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambao ulikausha misimu mitano ya mvua mfululizo, uliua mifugo zaidi ya milioni 2.5 nchini Kenya, na Isiolo ilikuwa miongoni mwa kaunti zilizoumia. Katika miaka kama hiyo punda ndiye hufuata lori la maji barabarani na ndiye huleta nyumbani gunia la mahindi ya msaada. Wazee wa Kiborana wana kumbukumbu ya jambo hilo tangu vita vya Shifta kati ya serikali na waasi wa kaskazini, vya 1963 hadi 1967, vilivyowafilisi Waborana wa Isiolo mifugo yao mingi na kuwakusanya katika kambi. Jamii iliyowahi kuanza upya kutoka sifuri inajua vizuri thamani ya mnyama wa mzigo.

Kwa muda mrefu kitu kimoja kilimlinda punda bila sheria yoyote: hakuwa na bei ya kufa. Waborana na Wasomali wa Isiolo wengi wao ni Waislamu, na nyama ya punda wa kufugwa ni haramu kwao. Waturkana hawana mwiko huo, lakini walichinja kwa chakula chao, kwa kiasi cha haja yao. Ng'ombe na mbuzi walikuwa na madalali, magulio ya mnada na malori. Punda aliuzwa kwa jirani aliyetaka kubebewa mzigo, kwa hiyo bei yake ilifuata kazi yake na mwizi hakuwa na pa kumpeleka. Ulinzi huo uliotokana na dini, desturi na kukosekana kwa soko ulidumu vizazi na vizazi. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science ulionyesha kuwa punda alifugwa mara moja tu, Afrika Mashariki, takriban miaka 7,000 iliyopita, kisha akasambaa hadi Asia na Ulaya. Punda wa kwanza kuchemshwa kwa ajili ya dawa nchini China alikuwa tayari mjukuu wa mbali wa punda wa pembe hii ya dunia.

Tamaa ya kuushinda uzee ni ya kale kuliko biashara yoyote tunayoijua. Qin Shi Huang, mfalme aliyeiunganisha China na kufa mwaka 210 kabla ya Kristo, alituma watu baharini kutafuta dawa ya kutokufa. Karne kadhaa baadaye, chini ya ukoo wa Tang, wafalme kadhaa walikufa kwa sumu ya vidonge vya zebaki na madini mengine walivyomeza ili waishi milele. Ejiao ilikuwa dawa ya hali ya chini zaidi na isiyo na sumu. Imetajwa katika vitabu vya kale vya tiba vya Kichina, na chimbuko lake ni Dong'e, mkoani Shandong, ambako maji ya visima yalisifiwa kuwa bora kwa kazi hiyo. Ngozi hulowekwa, hunyolewa manyoya, hukatwakatwa na kuchemshwa kwa saa nyingi. Mchuzi huchujwa, hupikwa tena mpaka uwe mzito, humiminwa kwenye vibao, na ukishaganda hukatwa vipande vyeusi vinavyong'aa, vya kuyeyushwa katika maji ya moto au divai. Hapo mwanzo ngozi ya ng'ombe na ya wanyama wengine nayo ilitumika, na ya punda ikaja kushika nafasi ya kwanza kadiri karne zilivyopita. Kwa miaka mingi ilikuwa dawa ya mwanamke aliyetoka kujifungua au aliyepungukiwa damu, ikitolewa na tabibu kwa kipimo. Kiasi hicho kiliweza kutoshelezwa na punda wa vijiji vya China kwenyewe.

Ili kuelewa jinsi dawa ya tabibu inavyogeuka kuwa kiwanda cha ujana, inafaa kwanza kupitia Paris. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817, katika Bahari hii hii ya Hindi, akawa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa mishipa ya fahamu na profesa wa Collège de France. Mnamo Juni 1889, akiwa na miaka 72, aliwaambia wenzake kwamba amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye korodani za mbwa na za simbilisi, na kwamba nguvu zimemrudia. Alidai anaweza kusimama maabara kwa saa nyingi, kupanda ngazi haraka na kuinua uzito alioshindwa nao zamani. Hakuwa tapeli. Alipima nguvu za mkono wake kwa chombo, akachapisha alichokiona, na dawa akawagawia madaktari bila malipo. Lakini maji hayakuweza kubeba homoni ya korodani kwa kiasi cha kumfaa. Watafiti wa Australia walirudia utaratibu wake na mwaka 2002 wakaeleza kwamba kiasi kilichopatikana ni kidogo mno kuleta matokeo yoyote ya kimwili. Alichokipata kilikuwa nguvu ya kuamini. Hata hivyo, katika muda wa miezi dawa za aina hiyo zilikuwa zikitangazwa Ulaya na Marekani, na wauzaji hawakuwa na uaminifu wake.

Mrithi wa ndoto hiyo alikuwa Serge Voronoff, daktari mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi Misri kuanzia 1896 hadi 1910 na kuanza kufikiri juu ya tezi na uzee baada ya kuwachunguza matowashi huko. Mwaka 1920, Ufaransa, alianza kushona vipande vya korodani za sokwe na nyani ndani ya miili ya wanaume matajiri. Mamia ya wanaume walilala mezani kwake. Sokwe walitoka wapi? Walitoka Afrika. Taasisi ya Pasteur ilikuwa na kituo cha nyani na sokwe Kindia, katika Guinea ya Wafaransa, na Voronoff mwenyewe alianzisha makazi ya kuwafuga upande wa Italia, karibu na mpaka wa Ufaransa. Wataalamu wa Uingereza walipokwenda Algeria mwaka 1927 kukagua kondoo aliowapandikiza, walirudi bila kuridhishwa na ushahidi. Mwaka 1935 homoni yenyewe, testosteroni, ikatambuliwa na kutengenezwa maabara, ikadhihirika kwamba hata hiyo homoni halisi haimrudishi mzee ujanani. Voronoff alikufa mwaka 1951 akiwa amedharauliwa. Wanyama waliokuwa wamekwisha kutolewa misituni hawakurudi.

Visa hivi viwili vinaonyesha mwenendo ambao ejiao imeufuata hatua kwa hatua. Kwanza, dawa huanza na mtu mwenye imani ya kweli au na mapokeo yenye heshima, kisha soko huichukua na kuiahidi mambo ambayo asili yake haikuahidi. Pili, kadiri wateja wanavyoongezeka ndivyo mnyama anavyotafutwa mbali zaidi, kutoka mbwa wa Paris hadi sokwe wa Guinea, na gharama huangukia mahali ambapo mteja hapaoni. Tatu, ushahidi huja umechelewa, na ukija haumzuii mnunuzi wa kesho. Hatua hiyo ya tatu ndiyo tunayoipuuza sana tunapojadili dawa za ujana. Tunadhani tukithibitisha kuwa haifanyi kazi, kazi imekwisha. Historia haiungi mkono dhana hiyo.

Ejiao ilivuka kutoka kwa tabibu hadi kwenye televisheni katika karne hii. Tamthilia ya kifalme iliyorushwa China kuanzia 2011, Zhen Huan Zhuan, iliwaonyesha wanawake wa jumba la mfalme wakiitumia, na tabaka la kati lililokuwa likikua haraka likaitaka. Iliuzwa kama vipande, kama peremende zenye ufuta na njugu, kama krimu ya uso. Bei ilipanda mara nyingi. Punda wa China, ambao walikuwa takriban milioni 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990, walikuwa wamepungua hadi chini ya milioni 3 mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa sababu matrekta yalichukua kazi zao na viwanda vikachukua ngozi zao. Mwaka 2019 shirika la The Donkey Sanctuary lilikadiria kuwa viwanda hivyo vinahitaji ngozi milioni 4.8 kwa mwaka. Februari 2018 hata ukurasa wa mtandaoni wa idara ya afya ya China yenyewe uliandika kwamba ejiao ni ngozi ya punda iliyochemshwa tu, kwamba sehemu yake kubwa ni kolajeni, na kwamba hata kama chanzo cha protini si kizuri. Siku chache baadaye uliomba radhi kwa umma, na ejiao ikaendelea kuuzwa. Maelezo ya ukurasa ule yalikuwa sahihi kwa misingi ya lishe: kolajeni ikiliwa huvunjwa tumboni kama protini nyingine, na mwili hauna njia ya kuipeleka moja kwa moja kwenye makunyanzi ya uso. Ukweli ulisemwa na mwenye mamlaka, kwa lugha ya wateja wenyewe, na haukutosha.

Ndipo ngozi zikatafutwa Afrika, bara lenye zaidi ya nusu ya punda wote duniani. Burkina Faso na Niger ziliona hatari na kuzuia usafirishaji mwaka 2016. Kenya ilichukua njia ya pili. Mwaka huo huo kichinjio cha Goldox kilifunguliwa Mogotio, kaunti ya Baringo, na baada yake vikaja Star Brilliant cha Naivasha, Silzha cha Turkana na Fuhai cha Machakos. Isiolo haikujengewa kichinjio cha punda, lakini ilikuwa katikati ya njia. Barabara ya kutoka Moyale, takriban kilomita 500, ilikuwa imekamilika kuwekwa lami katika miaka hiyo hiyo, na ripoti za waandishi na za watetezi wa wanyama zilieleza jinsi punda wa Ethiopia walivyovushwa mpakani kuingia Kenya. Barabara ambayo wakazi wa kaskazini waliingoja tangu uhuru, ili wauze ng'ombe na kuwafikisha wagonjwa hospitali, ilimfikishia pia mwizi gari. Punda sasa alikuwa na bei ya kufa, na bei hiyo ilizidi bei ya kazi yake. Aliyeibiwa, au aliyeuza siku ya shida ya karo, aliporudi sokoni kununua mwingine alikuta bei imepanda kupita uwezo wake. Katika maeneo mengi ya nchi wenye punda waliamka na kukuta mizoga iliyochunwa vichakani, ngozi zimekwenda na nyama imeachwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ilikuta takriban milioni 1.2.

KALRO ilieleza sababu kwa tarakimu ambazo mfugaji yeyote angezielewa. Punda walikuwa wakichinjwa kwa kiwango cha asilimia 5.1 kwa mwaka, ilhali idadi yao ilikuwa ikikua kwa asilimia 1.04. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima au zaidi, huzaa mmoja, na mtoto huyo huhitaji miaka kadhaa kabla ya kustahimili mzigo. Kwa mwendo ule watafiti walikadiria kuwa punda wa Kenya wangekwisha ifikapo 2023. Mwaka huo umepita na punda bado wapo, na kuna wanaolitumia jambo hilo kudai kwamba hofu ilitiwa chumvi. Jibu liko kwenye tarehe. Februari 2020, baada ya wenye punda kuandamana Nairobi, Waziri wa Kilimo Peter Munya alipiga marufuku uchinjaji huo, na mwendo uliotumika kwenye makadirio ukakatwa. Onyo lililosikilizwa si onyo la uongo. Mei 2021 Mahakama Kuu ilitengua marufuku hiyo kwa shauri la mmoja wa wenye vichinjio, jambo linaloonyesha jinsi ulinzi wa amri ya waziri ulivyo mwepesi. Tanzania ilisitisha uchinjaji wa punda mwaka 2022 kwa miaka kumi, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote kwa miaka 15.

Kuna pingamizi ambazo mtu mwadilifu hawezi kuzikwepa, na ya kwanza ni ya heshima. Nani alitupa mamlaka ya kuwahukumu Wachina kwa tiba ya babu zao, sisi ambao mwaka 2011 tulijipanga kwa maelfu Samunge, Loliondo, Wakenya kwa Watanzania, ili tunywe kikombe cha dawa cha shilingi 500 za Tanzania kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile tukitumaini kupona kisukari, shinikizo la damu na Ukimwi? Ni swali la haki. Anayeogopa uzee na maradhi yake hastahili kuchekwa, awe Shanghai au Samunge, na wako waliokwenda Loliondo wakaacha dawa zao za hospitali na kuumia. Lakini ulinganisho huo unaleta tofauti moja wazi. Kikombe cha Loliondo kilitokana na mizizi ya mti wa mugariga, na hatari yake kubwa ilimwangukia aliyekunywa mwenyewe. Hatari ya ejiao haimwangukii mnywaji. Heshima kwa mapokeo ya mtu haimpi haki ya kulipia mapokeo hayo kwa mgongo wa mwingine. Isitoshe, mapokeo yenyewe yalikuwa ya kipimo kidogo na yaliwahi kukubali ngozi za wanyama wengine. Njaa ya mamilioni ya ngozi kwa mwaka ni mtoto wa matangazo.

Pingamizi ya pili ni ya riziki, nayo ni nzito zaidi kwa watu wa Isiolo. Punda ni mali ya mtu. Mfugaji anauza ng'ombe, mbuzi na ngamia. Kwa nini serikali imzuie kuuza punda mzee anayekaribia kufa, na kwa nini iwanyime vijana ajira za vichinjio? Watu walioahidiwa kichinjio cha kisasa cha ng'ombe na ngamia, wakangoja miaka mingi wakitazama ujenzi ukikwama, wana sababu ya kuliuliza hilo kwa uchungu. Ninakubali kwamba haki ya kuuza mali ni haki. Ila punda kwa familia ya mfugaji ni chombo cha kazi, na soko la ngozi halikuchagua wazee. Lilichukua kila ngozi, ya jike mwenye mimba na ya dume lenye nguvu, kwa sababu tanuri la gundi haliulizi umri. Tena aliyeuza na aliyeumia mara nyingi hawakuwa mtu mmoja. Mwanamume angeweza kuuza punda asubuhi moja, na mkewe akabeba maji miaka kumi. Aliyeibiwa hakuuza kabisa. Faida ya malipo ya mara moja ilipimwa kwa upande mmoja wa boma, na hasara ya kila siku haikuandikwa popote, kwa kuwa saa za mwanamke anayeteka maji haziingii katika hesabu za taifa.

Pingamizi ya tatu husema kwamba marufuku hupeleka biashara gizani. Ni kweli kwamba uchinjaji wa kificho umeendelea vichakani, na kwamba mpaka mrefu wa kaskazini haulindwi na karatasi. Lakini kabla ya 2016, palipokuwa hakuna soko halali, Kenya haikuona mizoga ile kwa wingi ule. Kichinjio chenye leseni ndicho kilichosafisha ngozi ya wizi, kwa sababu ikishachanganywa na zilizonunuliwa hakuna awezaye kuitambua. Mlango halali ukifungwa, kila ngozi inayosafirishwa inakuwa ushahidi wa kosa, na polisi, wakaguzi wa bandari na wazee wa vijiji wanapata pa kushikia. Wako pia wanaosema punda ana siku chache, kwamba bodaboda na mabomba ya maji yatamstaafisha. Hilo likitokea litakuwa jambo jema sana, na kila mtu wa Isiolo atalishangilia. Mpangilio wake ndio muhimu: bomba lije kwanza, kisha punda apumzike. Miaka ile punda aliondolewa bomba likiwa halijafika, na pengo hilo lilizibwa na migongo ya watu.

Isiolo yenyewe inatoa mfano wa biashara ya namna nyingine. Wanawake wa mji huo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, wamejenga soko la maziwa ya ngamia yanayokusanywa kutoka malishoni na kupakiwa kwenye mabasi hadi Eastleigh, Nairobi. Maziwa hayo pia husifiwa kwa mambo mengi ya afya, na baadhi ya sifa hizo zinazidi ushahidi uliopo. Muuzaji mwaminifu ayauze kama chakula bora, ambacho kweli ni chakula bora. Lakini hata mnunuzi akiahidiwa kupita kiasi, ngamia hurudi bomani jioni akiwa hai, mwanamke hubaki na mali yake, na kesho hukamua tena. Biashara inayomwacha muuzaji na uwezo wa kuuza tena haiwezi kuwekwa fungu moja na inayomnunulia mtu chombo chake cha kazi ili kikachemshwe.

Wazee husema ujana ni moshi, ukienda haurudi, na sayansi ya zaidi ya miaka mia moja na thelathini tangu Brown-Séquard haijawapinga. Yanayosaidia mwili kuzeeka vizuri yanajulikana na hayana miujiza: maji safi, chakula cha kutosha, kazi isiyovunja mifupa, tiba ya shinikizo la damu na kisukari inayopatikana karibu, na kutovuta sigara. Mwanamke wa Merti au Kipsing anayahitaji yote hayo kama anavyoyahitaji mwanamke wa Shandong, na katika orodha hiyo matatu ya kwanza huletwa nyumbani kwake na punda. Kwa hiyo makubaliano ya Addis Ababa yasiachwe kuwa tamko. Bunge la Kenya liyaandike katika sheria ambayo mahakama haitaitengua kwa urahisi. Kaunti zisajili punda na vibali vya kuwasafirisha kama inavyofanywa kwa ng'ombe. Na fedha za maji zipelekwe kwanza kule ambako punda bado ndiye bomba. China nayo ina wanasayansi wa kutosha kutengeneza kolajeni maabara bila ngozi ya mnyama yeyote, na viwanda vyake vinaweza kuuza ndoto yao kwa malighafi hiyo. Kila mwaka wa nguvu ambao mwanamke wa Isiolo anaepushwa kuupoteza njiani kuelekea kisimani ni mwaka halisi, unaohesabika, na ndiyo dawa pekee ya uzee katika historia hii yote iliyothibitika kufanya kazi.